Kona ya Kompyuta: Barua za miaka 9 ziko kwenye mashine moja, nazihamishaje?

SWALI: Habari kaka wa kona ya kompyuta. Mimi nina kiofisi cha uwakala wa forodha huku Kurasini, tuko watu watatu. Kompyuta yangu ya mezani inatumia programu ya barua pepe ya Outlook 2010 toka tulipofungua mwaka 2016, na kila kitu kiko mle, invoisi, nyaraka za meli, barua za wateja wa Lubumbashi na Kigali, mpaka magomvi yote ya storeji ya bandarini. Sasa imeanza kugoma, mara inaomba paswedi kila dakika mara haitumi. Fundi kaja kasema tufomati tuweke programu nyingine inaitwa Thunderbird, akajaribu kukopi faili la barua kwenye flashi ya GB 32, ikakataa, inasema faili ni kubwa mno wakati flashi ni tupu na faili lenyewe ni GB 7. Nikamwambia aache kwanza. Je nikihamia huko barua zangu zitakuja zote? Nina miaka 58, nieleze taratibu. Mama wa Kurasini.

JIBU: Shikamoo mama. Hapo pa kumwambia aache umeokoa ofisi, naomba uendelee kushikilia hapohapo, kompyuta isifomatiwe na Outlook isiondolewe mpaka tumalize hii kazi.

Naanza na flashi maana ndo imemchanganya fundi. Flashi nyingi zinakuja zimefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, na FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4 hata flashi ingekuwa tupu kiasi gani. Kwahiyo flashi haijafa na faili halijaharibika. Aifomati hiyo flashi (flashi, mama, sio kompyuta) kwa mtindo wa exFAT, ambao hauna kikomo hicho, alafu afunge Outlook kabisa ndo akopi, maana ikiwa wazi inalishikilia lile faili. Na lilipo asibahatishe, aingie File, Account Settings, Data Files, alichague faili, abonyeze Open File Location, litajionyesha lenyewe, linaishia na herufi .pst. Akishakopi kwenye flashi akopi tena kwenye eksteno (ile diski ya nje ya kuchomeka), flashi ukae nayo nyumbani eksteno ibaki ofisini.

Nasisitiza hivi kwa sababu niliwahi kukaa na mzee mmoja muuza spea kule Gerezani siku ya pili baada ya kompyuta yake kufomatiwa. Aliyefomati alikopi Documents na Desktop akaona kamaliza, kumbe Outlook yake ilikuwa ya zamani zaidi, inaweka barua kwenye folda ya AppData ambayo imefichwa huioni hivihivi. Mzee alitoa daftari kwenye droo akaanza kupigia wauzaji wake mmoja mmoja awaombe wamrudishie zile invoisi, na kila akimaliza mmoja anapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Nilikaa pale saa nzima, mistari ilikuwa minne.

Sasa kwanini barua zako ziko hatarini namna hii. Ofisi yako bila shaka inapokea kwa njia ya POP, yani ni kama sanduku la posta, unaenda na ufunguo unachukua barua zote unabeba nyumbani, sanduku linabaki tupu, nyumba ikiungua zimeungua. Njia nyingine inaitwa IMAP, hiyo barua zinabaki sandukuni na kila mwenye ufunguo anazisoma palepale, awe na simu, laptopu au kompyuta ya ofisi. Kubadilisha programu bila kubadilisha hii ni kuhamisha tatizo tu, kwahiyo tunahama vyote kwa pamoja.

Thunderbird ni nzuri kwako, mimi naiunga mkono. Ni ya bure, iko toka 2004, wanaoitoa wako chini ya Mozilla, haohao wenye Firefox, na barua zake za kwenye kompyuta inaziweka kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida ambayo hata miaka 20 ijayo programu nyingine itayafungua. Outlook 2010 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2020, na seva nyingi (kompyuta kubwa zinazopokea na kutunza barua) toka hapo zimebadilisha kufuli zao za usalama, ndo maana programu za umri huo zinahangaika mlangoni.

Thunderbird ina sehemu ya kuingiza barua moja kwa moja kutoka Outlook, mnaweza kujaribu, ila mara nyingi inagoma kwa sababu Outlook ni ya biti 32 na Thunderbird ni ya biti 64 hazisikilizani. Njia ninayoiamini mimi ni ya kupitia seva. Piga simu kwa waliokuwekea domeni (lile jina la anwani zenu linalokuja baada ya @), waulize anwani ya seva ya IMAP (poti, yani namba ya mlango wake, huwa 993), ya kutuma (465 au 587), na muhimu kuliko vyote sanduku lako lina nafasi kiasi gani. Wakikwambia GB 2 na wewe una 7, usikate tamaa, tutabeba kwa mafungu. Fundi aongeze akaunti ileile kwa IMAP ndani ya Outlook pembeni ya ile ya zamani, alafu akopi folda ya barua, tuseme za 2016, aipeleke kwenye akaunti ya IMAP. Achague Copy Folder, asichague Move. Aisubiri ipande yote. Kisha afungue Thunderbird yenye akaunti hiyohiyo ya IMAP, ataikuta ile folda imeshafika, aivute aiweke kwenye Local Folders, yani folda za hapohapo kompyutani. Hapo mama kaa mwenyewe uhesabu, Outlook inaandika chini idadi ya barua zilizomo na Thunderbird nayo inaandika ya kwake, namba zikilingana ndo afute kule kwenye seva aanze 2017. Zisipolingana asifute kitu. Na folda ya zile mlizotuma nyie wenyewe isisahaulike, watu wengi wanaikumbuka wiki ya tatu mteja akishadai hajawahi kutumiwa bei.

Kama hiyo Outlook yenu itakataa kabisa kuingia kwenye IMAP, lile faili la .pst lifunguliwe kwenye kompyuta nyingine yenye Outlook ya toleo jipya kuliko hilo lakini ile ya staili ya zamani inayoitwa classic, kazi ifanyike kutokea kule.

Upande wa bando jiandae, GB 7 zinapanda alafu zinashuka tena, hiyo ni GB 14. Kama intaneti yenu inapandisha megabiti 2 kwa sekunde, kupanda peke yake ni kama masaa 8, kwahiyo igaweni siku 3 au 4 na kompyuta iwe kwenye UPS (betri ya akiba), umeme ukikatika katikati ya folda mtaanza folda hiyo upya.

Majina ya wateja fundi ayatoe Outlook kama faili la CSV (orodha ya maandishi tu), Thunderbird inalipokea. Zile anwani zinazojitokeza zenyewe ukiandika herufi mbili hazitakuja, Thunderbird itazikusanya upya kadri unavyotuma, kwahiyo wiki ya kwanza angalia vizuri kabla hujabonyeza Send. Na kila mwisho wa mwezi funga Thunderbird ukopi folda yake ya profaili, ile inayotunza barua zake, kwenye eksteno. Mafungu ya zamani tumeyatoa kwenye seva, yanaishi hapo kompyutani tu.

SWALI: Mambo vipi kaka, ile programu ya Mail iliyokuja na Windows kwenye laptopu yangu haileti tena barua za Gmail, nikifungua inanisukumia Outlook mpya nisiyoitaka. Barua zimepotea? Mwanafunzi, Mwenge.

JIBU: Poa mdogo wangu, hujapoteza kitu. Microsoft waliifunga ile Mail mwisho wa 2024. Barua zako muda wote zilikuwa kwenye seva za Google, ile programu ilikuwa inakuonyesha tu, hakikisha kwa kufungua Gmail kwenye brauza. Weka Thunderbird, andika anwani yako, chagua IMAP, dirisha la Google litafunguka uingie na paswedi yako ya kawaida, basi. Ile Outlook mpya inafanya kazi, ila barua za Gmail inazipitisha na kuziweka kwenye mawingu ya Microsoft pia, kwahiyo kama hutaki hilo uko sahihi kuikataa.