Kadi zote ziliandikwa saa mbili

Kwa miaka minne nilikaa kwenye dirisha la rekodi la kituo kimoja cha afya hapa Kisumu. Karani wa dirishani ndiye hutukanwa kwanza. Daktari hatukanwi, yeye ana dawa. Sisi tunaulizwa, "Kijana, faili yangu mmeila?"

Kliniki ya presha na sukari ilikuwa Jumanne. Kabla sijafungua dirisha benchi zimejaa, wengine wako kwenye nyasi, na wa mbali wameshuka kutoka matatu ya kwanza ya Ahero. Sote tulisema shida ni daktari kuwa mmoja. Hata mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti, mpaka Jumanne moja nilipowapa wagonjwa kumi kipande cha karatasi na kuomba kila meza iandike saa walipofika na saa walipotoka.

Karatasi ya mama mmoja naikumbuka hadi leo. Alifika dirishani saa kumi na mbili na dakika arobaini. Faili ilionekana saa mbili na nusu. Akapimwa presha saa tatu na robo. Kwa daktari aliingia saa tano kasoro dakika kumi, akatoka saa tano kasoro mbili. Dakika nane! Na hakuwa amemaliza: sukari haikuwa imepimwa, kwa hiyo aende maabara, kisha arudi na majibu ajipange upya nyuma ya watu wote. Alipofika kwenye dawa, famasia walikuwa wameenda chakula. Aliondoka saa nane na kitu, na tangu usiku hakuwa ametia chochote mdomoni, kwa sababu aliambiwa aje na njaa apimwe sukari.

Ukisimamia kituo, anza na karatasi kama hizo kabla ya kuomba kaunti daktari wa pili. Sisi tulikuwa tayari tumejaribu namba za plastiki. Zilionyesha nani yuko mbele ya nani, foleni ikabaki ndefu vilevile, na nusu ya namba zikaenda nyumbani na watoto.

Kilichotusaidia zaidi ni kadi za miadi. Kadi zote ziliandikwa "saa mbili asubuhi", kana kwamba daktari ataona watu sitini kwa mpigo. Kosa hili ni la zamani: mtaalamu wa takwimu Norman Bailey alilichambua katika hospitali za Uingereza mwaka 1952, akashauri wagonjwa wawili waitwe mwanzoni, wengine wafuate kwa nafasi sawa kulingana na muda ambao daktari huchukua. Sisi tuligawanya kwa saa tu: kundi la saa mbili, la saa tatu, la saa nne, la saa tano. Wiki za kwanza hakuna aliyetuamini. Watu walizoea kwamba anayewahi ndiye anayeonwa, na wa saa nne bado walifika alfajiri. Waliamini siku walipoona aliyefika saa nne na kadi ya saa nne anaitwa kabla ya wa saa tano waliolala mlangoni. Kelele zilikuwepo, sikudanganyi, na muuguzi msimamizi ilibidi asimame nje mwenyewe. Ukilegea siku moja tu, unaanza upya.

Mengine yalikuwa rahisi. Faili tulizitoa Jumatatu jioni, hivyo iliyopotea ikatafutwa mwenyewe akiwa bado kwake. Sukari ikapimwa kwenye meza ya presha, kwa kile kimashine cha kudunga kidole, mgonjwa amwone daktari majibu yakiwa mkononi. Vivyo hivyo kwa wenye homa: kipimo cha haraka cha malaria huchukua dakika 15 hadi 20, na huku kwetu ziwani utakihitaji tu, kwa nini usubiri daktari akiandike? Famasia wakala kwa zamu.

Wewe mgonjwa, jisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, ukiwa nyumbani kwa *147#, si mbele ya dirisha watu wakikusukuma. Beba kitambulisho, na simu iwe na chaji. Kikohozi na mafua anza na zahanati ya karibu, usikimbilie Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu. Lakini mtoto akipata degedege, akipumua kwa shida au akishindwa kunyonya, usikae kwenye foleni yoyote. Mwambie mhudumu wa kwanza unayemwona, walioko mbele wanung'unike wapendavyo.

Yule mama wa karatasi, miezi kadhaa baadaye alimaliza saa nne kasorobo. Akarudi dirishani, nikajikaza nikijua natukanwa.

"Kijana, sasa mnatufukuza mapema hivi," akasema, "mimi nilimwambia mjukuu anifuate saa nane."

Nikampa simu yangu ampigie.