Miale, milia au mistari? Na kwa nini “izungushe katikati” inapotosha

Swali: Naandaa maelezo ya Kiswahili kwa wanaojifunza kuchora kwa programu ya Inkscape. Somo ni ile mandharinyuma yenye mistari mipana ya rangi inayoanzia katikati na kutanuka kuelekea kingo za ukurasa, mithili ya jua linalochomoza. Nimeandika: “Chora pembetatu nyembamba, izungushe katikati hadi nyuzi 30, kisha rudia mara 12.” Mwenzangu mmoja anataka niseme milia, mwingine miale, wa tatu mionzi. Je, nani yuko sahihi? Na ni mandharinyuma au usuli?

Jibu: Nianze na nomino kwa kuwa ndizo zilizozua ubishi, ingawa tatizo kubwa la sentensi yako liko kwingine.

Mstari hauna upana wa kuzungumzia. Mwanafunzi akiambiwa achore mistari atachukua kalamu ya programu na kuivuta kutoka nukta hadi nukta, wala hatawaza umbo lenye eneo la kujazwa rangi. Mlia una upana, na una rangi inayopokezana na nyingine, kama tunavyoona kwa punda milia au kitambaa cha milia. Neno hilo si baya hapa, ila halisemi lolote kuhusu chanzo: milia huweza kwenda wima, mlalo au mshazari. Mwale una chanzo. Unatoka kwenye jua, taa au moto, kisha unatawanyika, na ndivyo mchoro wako ulivyo. Mimi ningeandika “mandharinyuma ya miale” bila kusita. Mionzi ningeiachia sayansi na tiba. Ni kweli watu husema mionzi ya jua, na hawakosei, lakini aghalabu huwa wanazungumzia nishati inayounguza ngozi, si umbo ambalo jicho linaliona.

Zingatia upatanisho pia: mwale huu, miale hii, miale inayotawanyika. “Miale zinazotawanyika” inasikika sana mitaani, lakini maelezo yaliyoandikwa hayana sababu ya kuifuata.

Kuhusu usuli, neno hilo linafaa asili ya jambo au historia yake, kama vile usuli wa utafiti. Picha ina mandharinyuma, na huandikwa kwa neno moja.

Sasa nije kwenye vitenzi, maana hapo ndipo mwanafunzi wako atakapopotea. Umeandika “izungushe katikati”. Katikati ya nini? Katika Inkscape, ukibofya umbo ambalo tayari umelichagua, vishale vya kuzungushia hutokea kwenye kona, na katikati ya umbo huonekana alama ndogo ya jumlisha. Alama hiyo ndiyo mhimili, yaani nukta ambayo umbo huizunguka. Mwanafunzi akisoma sentensi yako ataiacha hapohapo, kwa sababu umesema katikati na tayari iko katikati. Pembetatu zake zitapandana na kukatana, apate umbo la nyota badala ya miale. Wewe ulikusudia ncha ya pembetatu, na Kiswahili kinalo neno hilo: ncha. Litumie. Kisha ongeza kishazi kimoja kinachofunga mlango wa utata: “ncha ikibaki palepale”. Kiambishi pa- ni cha mahali mahususi, na mhimili ni nukta moja mahususi. Kwa sababu hiyohiyo napenda “kitovuni pa ukurasa” kuliko “kitovuni mwa ukurasa”, maana mwa- humpeleka msomaji ndani ya eneo, naye anaweza kuweka ncha popote mle.

“Hadi nyuzi 30” nayo ina kasoro. Hadi hutaja kikomo. Pembetatu ya kwanza ikifika nyuzi 30, ya pili nayo ikaambiwa ifike nyuzi 30, zitalaliana. Unachotaka ni kiasi cha kusogea, na kiasi huonyeshwa na “kwa”: izungushe kwa nyuzi 30.

“Rudia mara 12” inadanganya vilevile. Kurudia ni kufanya tena jambo lililokwisha kufanyika, hivyo ya kwanza pamoja na marudio 12 ni pembetatu 13. Kwa kuwa 12 mara 30 ni 360, ile ya 13 itaangukia juu ya ya kwanza. Rangi ikiwa nzito hakuna atakayegundua. Ikiwa inapenya, yaani inaonyesha kilicho chini yake, mwale mmoja utakuwa umekolea kuliko wenzake, na mwanafunzi atatafuta kosa asilione. Andika “mpaka miale itimie 12”.

Tena, kunakili na kurudufu si kitu kimoja kwa mtu aliye mbele ya programu. Akinakili, kwenye kioo hakuna kinachobadilika mpaka abandike. Akirudufu, pembetatu ya pili inazaliwa papo hapo, ila inalala juu ya ya kwanza. Mtahadharishe, asije akarudufu tena akidhani amri haikufanya kazi.

Hukutaja upana wa pembetatu, na “nyembamba” haitoshi. Ncha ikiwa na nyuzi 30, miale itagusana na kuziba nafasi zote. Iwe nyuzi 15, ili nafasi zilingane na miale.

Sentensi zako ningeziandika hivi:

“Chora pembetatu pacha (yenye pande mbili zinazolingana) yenye nyuzi 15 kwenye ncha, na ndefu kiasi cha kupita kona za ukurasa. Weka ncha kitovuni pa ukurasa. Bofya tena pembetatu uliyoichagua, kisha buruta alama ya jumlisha hadi kwenye ncha. Irudufu, halafu izungushe nakala kwa nyuzi 30, ncha ikibaki palepale. Endelea hivyo, kila mara ukianzia nakala ya mwisho, mpaka miale itimie 12.”

Ni ndefu kuliko yako, na sioni ubaya wake. Ukifika hatua ya kuondoa sehemu zinazotokeza nje ya ukurasa kwa kutumia mstatili, usiandike “kata kinachozidi”. Andika “ficha”, kwa sababu amri inayotumika hapo (Clip) haikati kitu: ukiitengua, miale hurudi na urefu wake wote.