Putt, chug, sputter, whine: hesabu mishindo kabla ya kutafsiri mlio wa injini

Mkuu, umeuliza namna ya kutafsiri maneno ya Kiingereza yanayoiga milio ya injini ndogo, kwa sababu unatafsiri mwongozo wa jenereta na chensoo (msumeno wa injini) na kamusi inakupa "nguruma" karibu kwa kila neno. Nashughulika na injini hizi na miongozo yake kila siku, na ushauri wangu ni kwamba kabla hujatafuta neno, hesabu mishindo, yaani kila mara mafuta yanapowaka ndani ya silinda. Karibu kila neno kati ya hayo lina mwendo wake, na mwendo huo unahesabika.

Injini ya fo-stroki yenye silinda moja huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili ya krankshafti (mhimili mkuu wa injini). Tu-stroki huwaka kila mzunguko. Basi chukua RPM (mizunguko kwa dakika), gawa kwa 60, na kama ni fo-stroki gawa tena kwa 2. Umepata mishindo kwa sekunde. Sikio la binadamu huitenganisha mishindo hiyo mpaka inapokaribia 20 kwa sekunde. Ikizidi hapo huungana ikawa sauti moja ndefu. Msamiati wa Kiingereza umegawanyika kwenye mpaka huo: chini ya 20 utakuta maneno yenye p, t, k na ch yanayorudiwarudiwa, juu ya 20 utakuta yenye m, n, ng, z na r zinazovutwa.

Tuanze chini. Injini ya dizeli ya Lister CS 6/1, ile ya Uingereza yenye magurudumu mawili makubwa, huzunguka mara 650 kwa dakika. Hiyo ni mishindo mitano na kidogo kwa sekunde. Unaweza kuihesabu kwa kidole. Neno lake ni "thump", na Kiswahili tunalo tayari: inadunda. "Putt-putt" ni nyepesi na ya haraka zaidi, kama mishindo 7 hadi 12, silinda ndogo, silensa (kizuia kelele cha moshi) ndogo. Pikipiki ya cc 125 ikiwa sailensi (inawaka bila kuongezewa mafuta) kwenye RPM 1,400 inatoa 11.7 kwa sekunde, ndiyo "putt-putt" kamili. Hapa usihangaike kutunga neno, maana sisi wenyewe tulikwisha kuiga mlio huo tukapata pikipiki na tukutuku. "Pop" ni mshindo mkavu unaosimama peke yake. Trekta za John Deere za silinda mbili, zilizotengenezwa mpaka 1960, ziliitwa "Johnny Popper" kwa sababu mishindo yake haikupishana sawa: mmoja unafuata baada ya nyuzi 180 za mzunguko (nusu mzunguko), unaofuata baada ya nyuzi 540 (mzunguko mmoja na nusu). Sikio linapata mishindo miwili iliyobanana kisha pengo. Ukikutana na "pop" kwenye maandishi, tafuta hilo pengo. Kama mlio hauna pengo, mwandishi angesema "putt".

"Chug" ni ya kuangalia sana. Sauti yake ni nzito, imezibwa, inasikika kama inatoka ndani ya bomba. Kwenye hadithi "chug along" ni kwenda taratibu bila shida. Kwenye mwongozo wa mitambo, "chugging under load" ni malalamiko: injini imepewa mzigo mkubwa kwa RPM ndogo. Andika "inalemewa". Ukiandika "inanguruma", fundi atadhani yote ni salama, ataiacha ikilemewa hivyo hivyo mpaka ipate moto kupita kiasi.

Juu ya mpaka kuna jenereta. Jenereta ya kawaida ya 50 Hz yenye alternata (sehemu inayozalisha umeme) ya poli mbili lazima izunguke 3,000 kwa dakika, yaani, kwa fo-stroki ya silinda moja, mishindo 25 kwa sekunde. Za Marekani za 60 Hz huzunguka 3,600, mishindo 30. Zote zimevuka 20 kidogo tu, ndiyo maana Kiingereza huziita "drone": mvumo mzito, mmoja, unaochosha. Inavuma. "Hum" ni kuvuma pia lakini kwa utulivu, na mara nyingi ni sauti ya alternata au transfoma kuliko ya injini, kwa hiyo hakikisha kwanza sentensi inazungumzia nini. "Purr" ni sifa. Anayesema injini "purrs" anasema haina kwikwi. Usitafsiri "inakoroma" kwa sababu tu paka anakoroma. Injini inayokoroma kwetu ni mgonjwa. Andika "inanguruma laini, haikatiki".

Juu zaidi kuna chensoo. Sailensi yake ni kama RPM 2,800, na kwa kuwa ni tu-stroki tayari ni karibu mishindo 47 kwa sekunde: "buzz". (Bomu la V-1 la Ujerumani la 1944, lenye injini ya mipigo ya karibu 45 hadi 50 kwa sekunde, Waingereza waliliita "buzz bomb". Mwendo uleule, neno lilelile.) Ikikata mti kwenye 9,000 ni 150 kwa sekunde, na ikiachiwa hewani kwenye 12,500 inapita 200. Hapo neno ni "scream". "Whine" nayo ni nyembamba, lakini kwenye mwongozo mara nyingi inatoka kwenye gia au beringi na haihusiani na mishindo. Kipimo ni rahisi: kata mafuta huku mtambo ukiendelea kuzunguka. Mlio ukibaki, ni gia au beringi.

Sasa maneno ya ugonjwa, ambayo ndiyo yatakayokula muda wako. Kiingereza kina mkia wa "-er" na "-le" wenye maana ya kurudiarudia: sputter, splutter, clatter, rattle, burble. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa kurudufu kitenzi, basi tumia urudufu: inakohoakohoa, inakatakata, inagongagonga. Utapata maana na mwendo kwa pamoja.

"Sputter" ni mishindo inayoruka bila mpangilio. Fundi wetu atasema inamisi. Sababu ni mafuta kutofika, maji kwenye bakuli la kabureta, au plagi. Kama inaanza kukatakata baada ya dakika kadhaa za kufanya kazi, legeza kifuniko cha tanki kwanza. Ikipona, kitundu cha hewa kimeziba. Baada ya hapo mwaga bakuli, kisha angalia plagi. Kwa Honda GX160, injini ndogo ya petroli, na nakala zake nyingi, plagi ni BPR6ES na pengo ni milimita 0.7 hadi 0.8.

"Hunting", ambayo Wamarekani huita "surging", si kukatakata, na watafsiri wengi huyachanganya. Hapa mlio unapanda na kushuka kwa mpangilio, kila sekunde moja au mbili. Mchanganyiko una mafuta machache, injini inapungua, gavana (kidhibiti kasi) inafungua kipepeo cha kabureta, injini inaruka kasi, gavana inafunga, na mzunguko unaanza upya. Vuta choki nusu. Ikitulia, jeti (tundu la kupitishia mafuta) ndogo ya sailensi imeziba au gasketi ya kabureta inavuta hewa. Safisha jeti kwa dawa ya kabureta na hewa ya kompresa, usichokonoe kwa waya, kwa sababu tundu likipanuka mchanganyiko hautarudi sawa. Tafsiri: "inapanda na kushuka". Usiandike "inawinda".

"Tick" ni mlio mwembamba mkavu unaotoka juu ya silinda, mara moja kwa kila mizunguko miwili. Mafundi husema tapeti zinalia. GX160 nyingi zinataka nafasi ya milimita 0.15 kwa valvu ya kuingiza na 0.20 kwa ya kutoa, injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote mbili zimefungwa. "Knock" ni nzito na inatoka chini, kwenye konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti), kila mzunguko. Zima injini mara moja. Injini hizi hubeba oili lita 0.6 tu, na nyingi konrodi yake ni ya aluminiamu isiyo na beringi za kubadilisha, kwa hiyo oili ikipungua kidogo tu unaanza kula chuma. "Piston slap" nayo ni ya kugonga, ila injini ikipata moto inapungua au inaisha.

"Ping" kwa Wamarekani, "pink" kwa Waingereza, ni kokoto ndani ya kopo, na inakuja ukiongeza mzigo. Mchanganyiko unalipuka wenyewe ndani ya silinda: petroli ya oktani ndogo, cheche inawahi, au kaboni imejaa kwenye kichwa cha silinda. Wengi wetu tunasema inanoki, na hapo ndipo hatari ya kutafsiri ilipo, kwa sababu "knock" ya konrodi nayo tunaiita kunoki. Andika "kunoki kwa mafuta" na "kugonga kwa konrodi". Moja unaitibu kwa petroli na kusafisha kichwa, nyingine unafungua injini nzima.

Kwenye chensoo kuna "four-stroking", neno lisilo kwenye kamusi zetu. Tu-stroki ikipewa mafuta mengi kwenye kasi kubwa inawaka mzunguko mmoja na kuruka mwingine. Mishindo inapungua nusu, sauti inashuka na kuanza kububujika: "burble". Ndivyo skrubu ya H (ya mafuta ya kasi kubwa) inavyopangwa kwa sikio. Pasha injini, fungua kipepeo chote hewani kwa sekunde chache, zungusha H kinyume cha saa mpaka ibubujike, kisha irudishe kidogo kidogo. Hewani ibubujike kidogo, ikiingia kwenye mti ibaki sauti safi. Ikiwa safi hata hewani, mafuta ni machache na pistoni itakwama. Ila kwa chensoo zenye koili ya kuzuia kasi, koili inakata cheche na kutoa mlio unaofanana na huo. Humo tumia kipima RPM. Zenye M-Tronic ya Stihl au AutoTune ya Husqvarna hazina skrubu ya kugusa. Kwenye tafsiri mimi ningeandika "kuruka mwako" na kuieleza mara ya kwanza.

La mwisho ni "backfire" na "afterfire". Miongozo mizuri huyatenganisha. "Backfire" hulipuka kupitia kabureta: valvu ya kuingiza haifungi, mchanganyiko una mafuta machache, au ufunguo (kipande cha chuma kinachoshika) wa flaiwili, gurudumu zito la injini, umekatika na cheche imehama wakati wake. "Afterfire" hulipuka kwenye silensa baada ya kuzima, kwa petroli iliyobaki kukutana na chuma cha moto. Andika "mlipuko wa kabureta" na "mlipuko wa silensa". Kwa huu wa pili, mwongozo utamwambia mtumiaji ashushe kasi na kuiacha injini sailensi sekunde 15 hadi 30 kabla ya kuzima. Hakikisha hatua hiyo haipotei kwenye tafsiri yako.