Saa mama ya simu inachelewa Dodoma

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa simu mstaafu, mkazi wa Nkuhungu, Dodoma. Mpwa wangu aliporejea kutoka Uingereza aliniletea saa mama ya pendulamu, ya aina iliyokuwa ikiendesha saa zote za ukutani katika jengo la mitambo ya simu. Anasema kule ilikwenda sawasawa, lakini kwangu inachelewa karibu dakika 2 na nusu kila siku. Fundi mmoja amesema imechoka, aitoe mashine ya ndani na kutia ya betri. Nimkubalie?

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Tunakusihi usimkubalie, kwa sababu saa yako haijachoka hata kidogo.

Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, akakuta inachelewa takriban dakika 2 na nusu kwa siku, kama yako. Nguvu ya uvutano hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta na unavyopanda juu, na Dodoma iko kusini kidogo tu ya ikweta, tena zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo pendulamu iliyorekebishwa London hubembea polepole zaidi hapa. Dawa yake ni kuifupisha kwa milimita 3 na ushee. Isimamishe, shika ufito wake ili springi nyembamba inayoining'iniza isipinde, kisha zungusha nati iliyo chini ya uzito ili uzito upande kidogo kidogo, huku ukilinganisha na saa ya simu yako kila asubuhi. Ukikaribia lengo, zungusha kwa uangalifu mkubwa, maana milimita 0.023 tu hubadilisha sekunde 1 kwa siku.

Mashine ambayo fundi anataka kuitoa ndiyo saa yenyewe. Fungua mlango uitazame: pendulamu husogeza gurudumu la meno 15, jino moja kila sekunde 2, na kila nusu dakika mkono mdogo huanguka, huisukuma pendulamu, hufunga mkondo wa umeme, kisha sumaku-umeme huurusha mahali pake. Mkondo huohuo ndio uliosogeza mishale ya saa watoto jengo zima. Ukiona mkono unasitasita kurudi, anza kwa kupima umeme kabla ya kugusa chochote.

Usiiunganishe kamwe na umeme wa nyumbani. Pima ukinzani wa koili ya sumaku-umeme kwanza, tumia umeme mnyoofu (DC) wa volti ndogo, na uweke diodi, yaani kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, sambamba na koili, ikielekea kinyume cha mkondo, ili cheche zisile ncha zinazogusana. Ncha hizo zisipigwe msasa wala kupakwa mafuta; pitisha karatasi safi yenye spiriti kidogo, basi. Mafuta ya saa ni tone moja moja kwenye ekseli tu, kwani mafuta yakizidi hunasa vumbi, na vumbi la kiangazi cha Dodoma unalijua kuliko sisi. Bandika utepe wa kitambaa kizito kuzunguka mlango wa kabati, na usiitundike panapopigwa jua, kwa kuwa mbao zikikauka hupinda na saa hupoteza wima wake.

Siku ukihama, toa pendulamu kwanza, ndipo uiteremshe saa ukutani.