Tumbo ndilo linaumwa, mbona hadi goti na jicho?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwaka jana niliambiwa nina ugonjwa wa Crohn, ule wa utumbo kuvimba na kuuma kwa muda mrefu, nikaanza dawa na kuharisha kukapungua. Sasa kama wiki tatu hivi tumbo limeanza tena, na juu yake goti la kulia limevimba, kwenye ugoko vimetoka vinundu vyekundu vinauma hata shuka likigusa, halafu tangu juzi jicho moja jekundu linauma na mwanga siuwezi kabisa. Goti nalinywea daiklofenaki. Nyumbani wanasema nina magonjwa matatu mapya, nimechoka kwa kweli. Vinahusiana au?

JIBU: Marahaba dada, na pole sana. Naanza na jicho maana hilo halisubiri. Jicho jekundu tu lisilouma sana mara nyingi hutulia tumbo likitulia, ila lako linauma na linakimbia mwanga, hiyo inaweza kuwa yuveaitisi, yaani uvimbe wa ndani ya jicho, na ukichelewa unaweza kupunguza uwezo wa kuona. Nenda kwa daktari wa macho leo hii, usisubiri kesho, na ukifika umwambie una Crohn hata asipouliza.

Ndiyo, vinahusiana. Crohn na ndugu yake ulserativu kolaitisi tunayaita magonjwa ya utumbo, lakini shida yenyewe iko kwenye kinga ya mwili, inashambulia utumbo halafu haiishii hapo, inafika kwenye viungo, ngozi, macho, hata mirija ya nyongo. Kuna watu maumivu ya viungo huwaanza kabla tumbo halijasema chochote, wanahangaika miaka. Vile vinundu vya ugokoni na goti kubwa moja kuvimba ni vitu vinavyokwenda sambamba na tumbo, kwa hiyo dawa yake kubwa ni kulituliza tumbo lenyewe. Mgongo ni tofauti kidogo, ukianza kuamka umekakamaa na unalegea ukishatembea tembea, huo unaweza kuendelea hata tumbo likiwa shwari, usiudharau.

Daiklofenaki naomba uiache, pamoja na ibuprofeni, zinaweza kuuchokoza utumbo. Parasetamoli ni salama zaidi mpaka umuone daktari wako wa tumbo, na umuone wiki hii kwa sababu dalili zako zinaonyesha ugonjwa umeamka. Hizo dawa za Crohn usizikatishe mwenyewe.

Huo uchovu nao mwambie apime damu, madini ya chuma na vitamini B12, maana B12 hufyonzwa mwisho wa utumbo mwembamba na hapo ndipo Crohn hupenda kukaa. Na kama umewahi kutumia steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe, muda mrefu uliza habari ya mifupa, maana zinaweza kuidhoofisha.

Jingine dada, ugonjwa ukiamka damu huganda kirahisi kuliko kawaida. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, kimbia hospitali hata kama ni usiku.