Yaya, nataka kuwa kaskaderi

SWALI: Jambo, Yaya. Nina miaka 19 na nimefanya judo miaka mitatu. Marafiki wananirekodi kwa simu nikiruka kutoka kwenye ukuta wa nyumba ambayo haijamalizika. Nataka kuwa kaskaderi wa filamu, yule anayeanguka mahali pa mwigizaji. Mama analia, anasema nitavunjika. Nianzie wapi? – Msomaji wa Birere, Goma

JIBU: Mdogo wangu, kwanza huo ukuta uache. Mimi pia niliruka. Ilikuwa Ndosho, hapa hapa Goma, mwaka 2014. Mwenye filamu aliniomba nitoke kwa dirisha, nami nikatua kwa miguu juu ya mawe ya volkano. Kisigino cha kushoto kikapasuka. Tulipatana dola 20, akanipa 10, na pesa ya hospitali baba aliipata kwa kuuza mbuzi wawili. Mpaka leo, mvua ikikaribia, mguu ndio unaonipa habari kwanza.

Hiyo judo yako ndiyo mtaji. Ukianguka kinyumenyume, mwalimu anakupigia kelele: tazama fundo la mkanda wako! Ukilitazama, kidevu kinaingia kifuani na kisogo hakigusi chini. Mkono nao unapiga tatami, ule mkeka wa judo. Kaskaderi anayeanguka kutoka juu anafuata mambo hayo hayo: anatua kwa mgongo, mwili wote kwa pamoja, juu ya kitu kinachobonyea. Ningejua hilo Ndosho, mbuzi wa baba wangebaki.

Kitu hicho kinachobonyea si lazima kiwe cha bei kali. Hata kwenye filamu kubwa wamerukia makartoni miaka mingi, na Birere yenu imejaa makartoni. Yawe matupu na makavu, yamefungwa vizuri kama sanduku, yapangwe tabaka juu ya tabaka, kisha yazungushiwe kamba ili yasitawanyike. Juu yake weka matela, yaani godoro. Kartoni linapopondeka ndipo linapokula nguvu ya mwili wako. Kwa hiyo lililokwisha kupondwa litupwe, kabla mwingine hajaruka weka jipya. Anza kwenye kimo cha kiuno chako, mwalimu akiwa pale. Wiki nyingi, nakuomba. Usipande kwa sababu marafiki wameshika simu.

Ongeza pia ujuzi mwingine. Uingereza, anayetaka kuandikwa kwenye daftari la makaskaderi anadaiwa ujuzi wa aina sita: kupigana, kuanguka, kupanda farasi au kuendesha gari, kuogelea na kadhalika. Sisi farasi hatuna, lakini ziwa Kivu liko na pikipiki hazikosi. Karibu zaidi, kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana na vijana wa mtaa wametengeneza filamu za mapigano kwa pesa kidogo sana, na dunia ikawatazama. Na ile tuzo ya Oscar, ambayo kwa miaka karibu mia haikuwa na nafasi ya kazi hii, itaanza kuitolea tuzo yake mwaka 2028, kwa filamu za 2027. Kazi yetu imeanza kuheshimiwa, mdogo wangu! Lakini usiache kile kinachokulisha sasa. Hapa Goma sijaona anayeishi kwa kuanguka peke yake.

Mambo mawili sitaki ujadiliane na mtu. Bunduki ya bandia isionekane barabarani. Katika mji huu mwenye bunduki ya kweli hatauliza kama mnacheza filamu. Pili, kabla ya kuruka, iandikwe kwenye karatasi na mtie sahihi: nani analipa hospitali, na gari gani linangoja pale pale. Mwenye filamu akikataa kuandika, vaa viatu vyako urudi nyumbani.

Mama usimfiche. Mwalike siku moja kwenye ukumbi wa judo, umketishe karibu na tatami, halafu uanguke mbele yake mara hamsini.