Gitaa la umeme lililochakaa kwa kupigwa: usilipake rangi kwanza

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Gitaa la umeme ulilooneshwa, lenye rangi iliyobanduka na freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) zilizolika, linastahili kuuzwa ghali kuliko jipya? Ukilinunua, ulipake rangi upya? Na ni kweli magitaa ya zamani yanalia vizuri zaidi? Nimepiga solo kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi, na siku hizi natengeneza magitaa ya wenzangu hapa Tanga. Nitakujibu kwa yale niliyoyashika mwenyewe.

Naanza na rangi, maana hapo ndipo watu wanapoharibu. Usiipake. Fender au Gibson ya zamani, magitaa ya kampuni mbili kubwa za Marekani, ikishapakwa rangi upya hupoteza mara nyingi karibu nusu ya bei, na hakuna fundi anayeweza kuirudishia. Lakini hata ukiweka bei pembeni, unafuta kitu ambacho huwezi kukitengeneza tena.

Magitaa mengi ya Marekani ya miaka ya 1950 na 1960 yalipakwa laka ya nitroselulosi. Laka hiyo ni nyembamba, na hata ikishakauka haitulii. Inaendelea kunywea mwaka hadi mwaka, mwanga unaigeuza njano, na gitaa likitoka kwenye baridi kali kuingia kwenye joto inapasuka nyufa nyembamba zinazokatiza bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa. Jasho linailainisha, mkono unaifuta. Ndiyo maana Stratocaster, gitaa maarufu la Fender, iliyotoka kiwandani nyeupe leo ina rangi ya malai, na ya buluu inaelekea kijani. Buluu yenyewe iko palepale, ni laka ya juu yake iliyogeuka njano.

Tazama Les Paul, magitaa ya Gibson, za 1958 hadi 1960. Zilitoka kiwanda kimoja, mjini Kalamazoo, Marekani, zikiwa na wekundu wa cheri kwenye kingo. Wekundu ule haukuvumilia mwanga. Iliyofungiwa kwenye kasha imebaki nyekundu, iliyoning'inizwa dirishani mwa duka ikawa rangi ya chai, nyingine imebaki njano tupu kama haikuwahi kuguswa na nyekundu. Leo huwezi kukuta mbili zinazofanana. Kwangu huo ni uzuri ambao kiwanda hakikuupanga.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Fender walihamia poliesta, rangi ya jamii ya plastiki, na hili ni muhimu kwako kwa sababu magitaa mengi tunayoyapata huku, ya Japani, Korea, Indonesia na China, yana rangi ya aina hiyo. Ni nene na ngumu. Hailiki polepole kwa mkono. Inamomonyoka vipande, na ukingo wa kipande ni mkali ukiupitishia kucha. Kwa hiyo ukikuta gitaa la poliesta limechakaa kwa ulaini, rangi ikififia taratibu mpaka kwenye mbao, muulize muuzaji alitumia msasa wa namba gani.

Mfano mzuri kuliko yote ninayoijua ya gitaa lililozeeka kwa kazi ni Stratocaster ya 1961 ya Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland. Aliinunua Cork, Ireland, mwaka 1963 kwa pauni 100 za mkopo, akiwa na miaka 15, akaipiga hadi alipofariki mwaka 1995. Iliwahi kuibwa na kutupwa kwenye mvua kabla haijapatikana. Kwa jasho la jukwaani na miaka yote ile, karibu rangi yote ilibanduka, mbao ikabaki wazi na nyeusi nyeusi. Freti zilibadilishwa mara nyingi, na funguo zake za kukazia nyuzi hazifanani. Alichobadilisha ni vile vilivyomzuia kupiga, rangi hakuigusa. Mwaka 2024 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 800,000, likarudishwa Ireland kwenye makumbusho ya taifa. Stevie Ray Vaughan, mpiga blues wa Marekani, naye alibadilisha freti za Stratocaster yake kuukuu mara nyingi kiasi kwamba shingo haikuweza tena kupokea freti nyingine, ikabidi awekewe shingo tofauti.

Ukielewa hao wawili umeelewa msimamo wangu. Rangi na mbao ziache zizeeke. Freti, vitufe vya kuzungusha vya sauti na tundu la waya ni vitu vya kuisha, vitengeneze bila huruma.

Freti ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na nyuzi zako ni chuma kigumu zaidi, hivyo nyuzi ndizo zinazoila freti. Freti mpya ina kimo cha milimita 1 hadi 1.4 hivi. Mashimo yaliyochimbwa na nyuzi yakiwa madogo, fundi anazisawazisha zote na kuzirudishia umbo la mviringo. Zikishakaribia nusu milimita hakuna cha kusawazisha, zing'olewe ziwekwe mpya. Mwambie muuzaji akate gharama hiyo kwenye bei. Angalia pia zimelika wapi. Gitaa la mpiga ridhimu limelika freti za mwanzo, chini ya nyuzi nyembamba. La mpiga solo wa dansi limelika katikati na juu, kuanzia freti ya saba kupanda, kwa sababu sebene linaishi huko. Freti za juu zikiwa mpya kabisa huku bodi imechakaa vibaya, ama zimewahi kubadilishwa, na hilo si baya, ama uchakavu wa bodi ni wa kutengenezwa.

Maana siku hizi upo wa kutengenezwa, na unauzwa waziwazi. Tangu 1995 karakana maalumu ya Fender inatoa magitaa mapya yaliyochakazwa kwa makusudi. Siwalaumu wanaoyanunua, shingo yake inashikika vizuri tangu siku ya kwanza. Ila unalipia kazi ya fundi, hulipii umri, na mtu asikuuzie kimoja kwa jina la kingine.

Uchakavu wa kweli unafuata mwili wa binadamu. Utauona ukingo wa juu pale mkono wa kulia unapolala, chini ya nyuzi pale kucha zinapogonga, mgongoni pale mkanda wa suruali unapokwaruza, na nyuma ya shingo karibu na freti za chini. Katikati ya maeneo hayo rangi inabaki nzuri. Kingo za ubao wa freti zinakuwa mviringo, na hapo ndipo raha ilipo: shingo ya namna hiyo inakaa mkononi kama mpini wa jembe uliozoea kiganja, vidole vinashuka na kupanda bila kukwama. Mbao iliyo wazi haibadiliki rangi ghafla. Inaanza laka iliyopungua, kisha rangi ya chini, kisha mbao iliyokoza kwa jasho na vumbi. Mbao nyeupe safi inayokutana na rangi kwa mstari mkali ni kazi ya wiki iliyopita. Na skurubu ziangalie. Huku pwani chumvi ya hewani inashika mapema skurubu za briji, pale nyuzi zinapoegemea kwenye bodi, kwa hiyo gitaa "la miaka arobaini Mombasa" lenye skurubu zinazong'aa lina maelezo ya kutoa.

Kwetu kuna jambo lingine ambalo Wazungu hawalisemi sana. Bendi nyingi kubwa za dansi Tanzania zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, polisi na majeshi nao walikuwa na zao. Vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mwanamuziki akihamia bendi nyingine alimwachia gitaa atakayemfuata. Magitaa ya namna hiyo yana alama za mikono zaidi ya mmoja: nimeshika moja lenye sehemu mbili zilizolika chini ya nyuzi, moja karibu na briji na nyingine karibu na shingo, watu wawili wenye mapigo tofauti kabisa. Nilipoombwa nizifunike alama hizo kwa rangi nilikataa kazi.

Kuhusu sauti, nitakuambia ninavyoamini. Bodi ya mbao nzima haibadilishi sauti sana kwa kuzeeka. Sumaku za pikapu, vile vifaa vya chini ya nyuzi vinavyonasa mlio, hupoteza nguvu kidogo tu. Pikapu za zamani zinatofautiana zaidi kwa sababu zilivyotengenezwa: waya mwembamba ulikuwa ukiongozwa kwa mkono wakati wa kuzungushwa, ikatokea moja ina mizunguko mingi kuliko mwenzake. Tofauti hiyo ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kwa nini basi magitaa yaliyochakaa sana mara nyingi ni mazuri? Kwa sababu gitaa baya halichakai. Linakaa kwenye begi, au linauzwa na kuuzwa tena likiwa bado linang'aa. Lililolika mpaka mbao, mtu alikuwa na sababu ya kulichagua kila usiku wa kazi.

Kwa hiyo nenda na waya na amplifaya. Lipige kila freti, kila uzi, usikie panapokwaruza nyuzi. Zungusha vitufe. Vikikwaruza, dawa ya kusafisha migusano ya umeme huwa inatosha, na visipopona weka vipya vya kiloomu 250 kama pikapu ni za koili moja, 500 kama ni za koili mbili. Chungulia shingo kutoka upande wa funguo uone kama imepinda, na umwombe afungue kifuniko cha shingoni ajaribu kukaza chuma cha ndani mbele yako. Kisipozunguka, ondoka. Kikizunguka na freti bado zina nyama, toa bei pungufu ya freti na vitufe, na kila kipande cha asili utakachokitoa kitie kwenye mfuko ukiweke pamoja na gitaa. Tuma picha ya nyuma ya shingo na ya skurubu za briji humu, nitakuambia ninachokiona.